Aliyeshika Kioo Ng'ambo ya Ziwa

Zilikuwa zimebaki pointi kumi na moja. Kumi na moja tu, halafu nifunge mashine, tulale, na asubuhi tushuke Ulemo kutafuta gari la kurudi Singida mjini. Ndiyo maana sikumsikiliza yule mama.

Mimi ni mpima ardhi. Naitwa Dorkas, Mgogo wa Manyoni. Mwezi wa saba mwaka juzi nilitumwa kuchora ramani ya ziwa dogo liitwalo Malusu, huko juu kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, Iramba. Palikuwa na mpango wa kuvuta maji yake kupeleka vijiji vya chini, na hakuna aliyejua lina upana gani wala ufuko wake unapita wapi. Kwenye ramani za zamani lilikuwa doa tu la bluu, na kila ramani ilikuwa imeliweka mahali tofauti.

Gari liliishia korongoni. Kutoka pale ni mwendo wa saa tatu kwa miguu, vichaka na mawe, mpaka unatokea juu ambako upepo wa Julai unakupiga masikio yanauma. Hakuna barabara. Hakuna ng'ombe. Ng'ombe wa vijiji vya chini hawapandishwi huko hata wakati wa kiangazi, na sikuuliza kwa nini.

Tulikuwa wawili, mimi na kaka Sostenes wa Kintinku. Sostenes ni mtu wa miaka arobaini na kitu, baba wa watoto wanne, na alianza kazi ya kushika kioo mimi nikiwa bado shule ya msingi. Mshika kioo ni yule anayebeba fimbo ndefu yenye kioo juu. Anaisimamisha pale unapotaka kupima, mashine inatupa mwanga, kioo kinaurudisha, unapata umbali. Mashine yetu ilikuwa ya kisasa. Ikishakiona kioo inakifuata yenyewe, inageuza kichwa polepole, na kila ikichukua kipimo inalia.

Ti.

Mwenyeji wetu alikuwa mama mmoja anaitwa Febronia. Tulipewa na mwenyekiti wa kitongoji, Innocent, kijana wa rika langu.

"Ni yeye peke yake anayeishi kule juu," Innocent alisema. "Atawapikia." Kisha akanivuta pembeni. "Dada, chakula chake kuleni. Ila nguo zenu msimwachie."

"Kwa nini?"

"Mume wake, Calist, aliwahi kushika fimbo kama hiyo yenu. Mwaka tisini na nane walikuja wapimaji, wakamchukua kibarua. Jioni moja akaenda ng'ambo ya ziwa. Hakurudi. Wapo wanaosema alizama. Wapo wanaosema..." Akaangalia huku na huku. "Wanasema mke wake alimfanya msukule. Kwamba hakufa. Kwamba yupo, na anamfanyia kazi."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi kiongozi wa serikali," alisema. "Sina la kusema."

Lakini alikuwa ameshalisema.

Mama Febronia alikuwa na miaka sitini hivi, mwembamba, rozari shingoni, macho mekundu. Moshi wa jikoni, nilijiambia. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba vizuri tu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Tulipiga hema hatua mia moja kutoka nyumbani kwake. Jua lilipokuwa linazama alituletea ugali wa mtama na mlenda.

Sahani tatu.

"Mama, tuko wawili," nilimwambia.

Alitazama nyuma ya bega langu, upande wa ziwa.

"Eh. Nimezoea."

Amezoea nini, na anaishi peke yake? Sahani ya tatu aliiacha juu ya jiwe. Asubuhi tuliikuta nyeupe, haina hata punje.

"Labda mbwa," Sostenes alicheka.

"Umemwona mbwa huku?"

Akaacha kucheka.

Ilikuwa hivyo siku ya pili, na siku ya tatu. Nikaanza kumchunguza yule mama. Nilimwona alfajiri amesimama ukingoni mwa maji, anaongea Kinyiramba, lugha nisiyoijua, kwa sauti ya mtu anayebembeleza. Akimaliza sentensi ananyamaza kidogo, kama anayejibiwa. Akiniona, anajifanya anachota maji. Nikawa sili ugali wake kabla Sostenes hajaanza. Najua nilikuwa namfanya kaka wa watu awe wa kwanza kuonja. Nilifanya hivyohivyo.

Siku ya nne, Alhamisi, sweta la Sostenes likapotea.

Nililikuta nyumbani kwa mama Febronia. Alikuwa amelifunga kwenye nguzo ya mlango, mikono ya sweta imezungushwa na kupigwa fundo, halafu fundo jingine juu yake. Yeye alikuwa amekaa chini anapepeta mtama.

"Mama, hili sweta la mwenzangu limefikaje hapa?"

"Nilikuwa naanika."

Nikaligusa. Kavu.

"Na fundo?"

Hakuinua macho. "Ili asiende."

"Nani asiende? Aende wapi?"

Ungo uliendelea. Sha... sha... sha... Nikasubiri. Hasira ikanipanda, na chini ya hasira, hofu. Nikalifungua lile fundo mwenyewe. Lilikuwa limekazwa kweli, nilitumia meno. Nikaondoka nalo, naye hakunizuia, ila nilisikia ungo umenyamaza.

Moja kwa moja nikapanda jabali lenye mtandao, nikampigia Innocent.

"Amechukua sweta la Sostenes," nilimwambia. "Amelifunga mafundo mlangoni kwake."

Nikasikia ameziba simu kwa mkono, anaongea na watu. Halafu akarudi.

"Sawa dada. Nimekusikia. Nyie malizeni kazi yenu."

Nilishuka nikiwa nimetua mzigo. Ndivyo nilivyojisikia, sitadanganya.

Saa kumi jioni mama Febronia alikuja hemani. Hakutaja sweta. "Mwanangu, ule upande wa mashariki fanyeni asubuhi. Jioni si pazuri."

"Kuna nini kule?"

"Fanyeni asubuhi."

Nilijua sasa. Kule ndiko anakoficha kitu chake. Na mimi nilitaka kukiona.

Nikamtuma Sostenes ng'ambo. Kuzunguka ziwa ni dakika arobaini. Mashine niliisimamisha juu ya mwamba wa magharibi, ufukoni kabisa, jua likiwa mgongoni kwangu. Alipofika akaniita kwa redio ya mkononi.

"Mkuu, nipo."

"Anzia kwenye jiwe jeupe. Songa mbele kidogo. Kidogo tena. Hapo, simama."

Ti.

Pointi ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Kazi ilikwenda vizuri. Saa kumi na mbili na robo tulikuwa tumefika ya sita, na hapo ndipo upepo ulipokata.

Siku nne mfululizo ule upepo haukuwahi kukata. Sasa maji yalilala kama bati. Nikasikia harufu, harufu ya ngozi mbichi iliyowambwa juani. Hapakuwa na mfugo wowote.

Ti.

"Asante, nimeipata ya saba," nikasema. "Nenda inayofuata."

Redio ikakwaruza.

"Umepata nini, mkuu? Fimbo nimeilaza chini. Nafunga kiatu."

Nikainama kwenye darubini ya mashine. Ng'ambo, katikati kabisa ya duara, alikuwepo mtu amesimama na fimbo. Imenyooka. Haitikisiki.

"Sostenes, acha utani. Nakuona umesimama."

"Nimeinama, dada. Nakuapia."

Aliniita dada. Kazini haniiti dada.

Nikaisogeza darubini kushoto kwa mkono. Mchanga. Majani. Jiwe. Na hatua kama arobaini kutoka kwa yule mtu, Sostenes, amepiga goti moja, sweta lake jekundu mgongoni, anafunga kamba ya kiatu.

Nikaisogeza redio mdomoni.

"Kaka Sostenes," nikanong'ona. "Hapo ulipo uko na nani?"

"Peke yangu. Kwani vipi?"

Mashine ikageuka yenyewe. Ilikuwa imeshachagua kioo cha kufuata, na hakikuwa chetu. Yule mtu alisogea kama anavyosogea mshika kioo anayekwenda pointi nyingine, taratibu, fimbo begani. Lakini hakufuata ufuko. Aliingia majini. Akasimama. Akaisimamisha fimbo.

Ti.

"Sostenes, acha kila kitu. Rudi. Rudi sasa hivi!"

Hakujibu. Kwa macho yangu matupu nililiona lile doa jekundu linanyanyuka. Akaokota fimbo. Nikashukuru Mungu. Kisha nikaona anageuka upande usio wake.

Akaingia majini.

Alikwenda hatua kumi, akasimama wima, akasimamisha fimbo. Akasubiri. Akaitoa, akaenda hatua kumi nyingine, akasimamisha fimbo. Kama kuna mtu anampa maelekezo. Maji ya magoti. Maji ya mapaja. Nilibonyeza kitufe cha redio mpaka kidole kikauma, nikiita, nikilia, nikimwambia rudi, rudi kaka, rudi.

Mkono ukanishika bega.

Mama Febronia. Alikuwa anahema, amekuja mbio, miguu mitupu.

Nikamkamata kanga yake kifuani. "Unamfanya nini? Mwachie!"

"Fundo," alisema. "Ulilifungua?"

"Mwachie mtoto wa watu!"

"Ulilifungua, mwanangu?"

Akaona jibu usoni kwangu. Hakunigombeza. Akaivua mikono yangu kwenye kanga, kidole kwa kidole.

"Wale wapimaji wa kwanza hawakumwambia arudi," alisema. "Kiza kilipoingia walifunga mashine yao, wakaondoka. Yeye bado amesimama, anasubiri aambiwe tayari. Mimi kila siku namwambia, hanisikii. Hasikii mpaka kuwe na mashine." Akaigusa mashine yangu kwa ncha ya kidole. "Sasa atasikia."

Akashuka mwamba, akaingia majini upande wetu. Maji yalipomfika kifuani akapaza sauti, si Kinyiramba tena. Nadhani alitaka na mimi nielewe.

"Calist! Kazi imekwisha! Mwache huyo, njoo!"

Nikaangalia kwenye darubini. Heri nisingeangalia.

Yule mtu aligeuza uso. Alikuwa kijana. Miaka thelathini, si zaidi. Mkewe ana mvi kichwa kizima, yeye hana hata mkunjo. Alikuwa amefumba jicho moja, kama mtu anayesubiri ishara.

Akafumbua jicho.

Kule nyuma Sostenes alianguka kama mzigo uliokatwa kamba. Akaibuka, anakohoa, anapiga maji ovyo kuelekea ufukoni. Na mashine ikaanza kulia.

Ti. Mita 398.

Ti. Mita 371.

Ti. Mita 340.

Anakuja. Anakatiza ziwa, moja kwa moja, na hapakuwa na kiwimbi hata kimoja.

"Nenda," mama Febronia alisema bila kugeuka. "Kamchukue mwenzako. Na usitazame huku."

Niliacha mashine, nikakimbia. Nilikimbia kuzunguka lile ziwa huku nikiisikia nyuma yangu, ti, ti, ti, inazidi kuharakisha, mpaka ikawa mlio mmoja mrefu.

Kisha ikanyamaza.

Sostenes nilimkuta njiani, amelowa, meno yanagongana. Nilimvua sweta, nikamvika koti langu, tukashuka tukiwa tumeshikana mikono kama watoto, mpaka tukaona tochi.

Tochi nyingi. Zilikuwa zinapanda.

Mbele alikuwa Innocent, nyuma yake wanaume kama kumi na tano. Wana mapanga. Wana fimbo.

"Mmepona," Innocent alisema. "Poleni. Yuko wapi?"

"Nani?"

"Huyo bibi."

"Mwenyekiti, sikiliza. Yule mama ndiye aliyemwokoa Sostenes. Nimeona kwa macho yangu. Hana kosa."

"Dada," alisema taratibu, "si ni wewe uliyenipigia?"

Nikawaambia nilikosea. Nikawaambia kuhusu fundo, kuhusu mume wake. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyowaona wanatazamana, maana kila neno nililosema kumtetea lilikuwa linamzika. Mume aliyepotea anaitwa na mkewe kutoka majini. Wangesikia nini kingine? Nikamshika Innocent mkono. Akautoa mkono wangu kwa adabu kabisa.

"Shukeni mkapumzike. Aneth amewawekea uji."

Wakatupita. Wa mwisho alikuwa mzee mmoja aliyenipa pole.

Aneth ni mke wa Innocent. Alitupa uji, akatutandikia, na alipoulizwa kitu alitazama moto. Niliwapigia polisi. Wakasema watafika asubuhi, barabara mbaya.

Wale wanaume walirudi alfajiri. Nilikuwa mlangoni.

"Hatukumkuta," Innocent alisema. "Nyumba iko wazi, moto unawaka, mtu hayupo."

"Mmetafuta ziwani?"

"Hatukufika ziwani."

Alikuwa ananitazama usoni bila kupepesa. Mimi nilikuwa natazama chini. Suruali yake ilikuwa imelowa mpaka kiunoni.

Umande, mtasema. Majani ya kule ni marefu. Nami nimejiambia hivyo mara nyingi. Lakini wengine walikuwa wamelowa magoti tu.

Polisi walikuja, wakapanda, wakaandika. Hawakuona mwili, si majini wala porini. Hata mimi nilitoa maelezo yangu, na yule askari aliponiuliza ni nani wa kwanza kumtuhumu marehemu, nikamwambia hatujui kama ni marehemu. Akasema sawa, lakini jibu swali. Nikajibu.

Mashine niliikuta palepale juu ya mwamba, betri imekwisha. Ofisini nilifungua kumbukumbu zake peke yangu, mchana, mlango wazi. Vipimo vilikuwemo. 340, 316, 280, vinashuka hivyo mpaka mita tisa. Mita tisa ndipo alipokuwa amesimama mama Febronia. Hapo kilirudiwa mara kumi na nane, mtu kasimama tu. Halafu vikaanza kupanda tena. Kumi na nne, hamsini, mia na ishirini, mpaka mita 405, halafu hakuna kitu.

Basi alikuja, akarudi. Kama alirudi na mkewe, mashine haisemi. Mashine inahesabu vioo, haihesabu watu. Na kama mama Febronia alibaki pale majini peke yake, akakutwa na tochi kumi na tano...

Sijui.

Nilivifuta vile vipimo. Ufuko wa mashariki niliukamilisha kwa picha za angani, ramani ikapita, mradi wenyewe haujaanza hadi leo. Innocent bado ni mwenyekiti.

Sostenes aliacha kazi mwezi uleule. Sasa yuko Mitundu, anafanya biashara ya asali. Kwa muda mrefu hatukuwasiliana, mpaka mwezi wa tatu mwaka huu aliponipigia. Tukasalimiana, nikawaulizia watoto wake, akamuulizia mama yangu. Nikajua anataka kuliingia lile jambo.

"Mkuu, kuna kitu kimenikaa. Nataka nikuulize, usikasirike."

"Uliza kaka."

"Siku ile, nikiwa majini. Kwa nini uliendelea kuniambia nisonge mbele?"

Nikaihamishia simu sikio jingine.

"Sikukwambia hivyo. Nilikuwa nakwambia urudi. Nilikuwa nalia."

"Hukuwa unalia," alisema polepole. "Ulikuwa umetulia kabisa. 'Songa mbele kidogo. Kidogo tena. Hapo, simama.' Naifahamu sauti yako, dada. Miaka sita nimeisikia kwenye ile redio."

"Sostenes, haikuwa mimi."

"Sawa."

"Haikuwa mimi."

"Nimesema sawa, dada. Nilitaka tu kuuliza." Akaniombea heri, akakata.

Nakumbuka kidole changu kwenye kitufe. Nakumbuka mdomo wangu ulikuwa wazi, na koo lilikuwa linauma kwa kupiga kelele. Hayo nayakumbuka vizuri. Maneno yenyewe nilikuwa na hakika nayo, mpaka siku aliyonipigia.